Nafasi ya Nne

Mwalimu Okiria alisema itale huchakaa polepole:
jua hulipasua, mvua hupenya,
gamba hubanduka kama la kitunguu,
na baada ya miaka maelfu
Kumi inapata mchanga wa kupandia ulezi.

Nikaandika yote.

Nyuma ya mlima wa Nyero
mama huchoma matairi juu ya jiwe,
kisha hulimwagia maji.
Likilia ta! ndipo ainuapo nyundo.
Maelfu yale huyamaliza kufikia Ijumaa,
debe kwa debe, ikawa karo.
Jioni namfungua vitambaa vya vidole;
ndani ya ufa wa kiganja
mika bado inameta.

Mtihani ukauliza: taja vitu vinne vichakazavyo mwamba.
Jua. Mvua. Mizizi.

Nafasi ya nne niliiacha wazi.