Siku Tuliyokwenda Mjini Bila Shida

Tangu tuoane, Moshi tumekwenda kwa sababu.
Kwa debe la parachichi. Kwa karo. Kwa jino.
Kwa mama yake, wodini Mawenzi, majuma sita.
Kwa mhuri, na kwa mtu wa mhuri aliyekwenda kunywa chai.

Alhamisi hii Aikande alivaa viatu vya kanisani,
akafunga mlango, akautikisa mara mbili,
akasema: Leo twende tukautazame.

Tukautazame nini?

Mji.

Mikono ndiyo iliyotusumbua kwanza.
Haikuzoea kushuka mitupu.
Yangu niliificha mifukoni,
yake ikawa inashika khanga, inaiachia, inaishika,
kana kwamba inatafuta mpini.

Kwenye Mnara wa Saa tulisimama katikati ya wenye haraka.
Saa ya mnara na saa yangu hazikuelewana.
"Usiulize ipi ya kweli," akasema,
"hakuna tunapochelewa."
Akaanza kusoma vibao vya maduka kwa sauti
kama mtoto aliyezijua herufi jana:
Vipuri. Miwani. Majeneza na Samani.
Hapo alicheka mpaka akashika ukuta.

Stesheni tulikaa kwenye benchi bila kumngoja mtu.
Reli imenyooka, nyasi katikati yake, mbuzi mmoja.
Nikamwonyesha niliposimama mwaka wa sabini na tisa
na sanduku la bati, naenda Tanga kutafuta kazi.
Naye akanionyesha aliposimama yeye,
nyuma ya nguzo ile,
ili nisimwone analia.

Miaka yote hii sikujua kuna nguzo.

Nje, wageni watatu wa kofia pana
walikuwa wameielekeza kamera kwenye wingu.
Kibo alijifunika tangu juzi.
"Waambie atatoka," Aikande akaninong'oneza,
"waambie tu. Mtu hatoki kwao mbali hivyo
aje apige picha shuka."

Mkahawani aliingia yeye kwanza.
Meza ya kioo. Viti vyenye mito inayokumeza.
Bei ya kikombe niliipigia hesabu kwa kilo,
kwa bei tuliyokuwa tukilipwa chamani,
hesabu nikaiacha njiani.
Mikono hii imepalilia, imechuma, imemenya, imeanika,
imefukuza kuku juu ya vitanda vya waya,
na haikuwahi kushika kahawa ya namna hii,
yenye povu, na juu ya povu, jani.

Alilichora binti wa aproni nyeusi,
kwa maziwa, huku anaongea na mwenzake.
"Sale," akasema Aikande.
"Nani ananiomba radhi kwa maziwa?"

Kwetu sale halikataliwi.
Ukiletewa, moyo hata ukiwa jiwe, unapokea.
Nikasukuma kikombe changu upande wake,
taratibu, jani lisivunjike.
Sikusema ni kwa lipi.
Yapo: yule mbuzi, ule mwaka nilionyamaza,
na safari zote za mjini,
yeye nyuma na mzigo, mimi mbele na fimbo.

Aliviangalia vikombe viwili mbele yake
mpaka povu likaanza kushuka.
"Itapoa," akasema.
Akanywa changu kwanza.

Chungu? nikamuuliza.
Akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga.
"Kumbe tulikuwa tunauza hii."

Jioni Mama Ndelilio alitukuta kwenye kona ya migomba,
hatuna mfuko, hatuna kikapu, viatu vyekundu kwa vumbi.
Mmetoka wapi?
Mjini.
Nani amelazwa?
Hakuna. Tulikwenda kutembea.
Akatutazama kama watu wenye siri nzito.
Poleni, akasema. Poleni sana.

Saa mbili usiku mjukuu wake akapiga hodi
na chupa ya mtori, wa mgonjwa.
Tuliumaliza wote, tumesimama jikoni,
kijiko kimoja.