Nyumba na Shimo Lake

Tulihamia Njiru Jumanne, siku ambayo mkokoteni ni nafuu,
godoro juu, sufuria ndani ya sufuria,
mama amelipakata jiko la mkaa kama mjukuu.
Mwenye nyumba alikuwa ameniambia kwa simu:
"Utakuwa na maji mbele ya dirisha, kama watu wa Runda."
Hakusema ni machimbo ya zamani.
Hakusema kwamba mvua ya mwaka fulani
iliingia mle ikakataa kutoka.

Mama alisimama ukingoni, mkono kiunoni.
Yeye ni wa Mwingi, kule ambako mtu huchimba mchanga wa mto kwa bakuli,
kisha husubiri maji yajitokeze
taratibu, kama deni la shemeji.
Akalitazama bwawa lote, kijani, limelala tu.
"Maji yote haya," akasema, "na hakuna foleni?"

Nikamweleza: hayanyweki.
Hata ukifulia, nguo hutoka na harufu ya chura.
Maji yetu huja Alhamisi na lori,
mtungi shilingi ishirini, thelathini jua likikaza.
Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la nguo.
"Kwa hiyo tumekuja kupakana na tajiri asiyekopesha."

Usiku wa kwanza vyura walitupokea
kwa kikao kisicho na mwenyekiti.
Stima ilikuwa imekwisha, sikuwa nimenunua tokeni.
Mbu walinisoma mgongo mstari kwa mstari.
Nikamsikia mama akigeuka, akigeuka tena,
kisha komeo, kisha patipati zake kwenye kokoto.
Nilimkuta gizani, mtungi mtupu mkononi.
"Siendi kuteka," akasema. "Nayalinda tu.
Maji hayaachwi nje peke yake."

Wanjugu, wa mlango wa tatu,
hafungui dirisha la upande ule.
Pazia lake la huko limeshonwa ukutani, juu na chini.
Sijamuuliza.
Jirani mgeni huuliza kwanza bei ya mkaa.

Wiki ya pili nilitaka kutundika kalenda.
Misumari mitatu ilipinda, wa nne ukaruka ukapotelea kitandani.
Nikaupapasa ukuta: mikwaruzo ya tindo, imelala mshazari,
mistari ya mkono mmoja aliyekuwa na haraka.
Nikatoka nje. Ng'ambo ya maji, kwenye genge,
mistari ile ile, mshazari ule ule.

Musembi, anayeshona viatu langoni,
alipasua mawe hapa miaka kumi na tisa;
kidole chake cha shahada kinaishia katikati.
"Ukuta wako ulitoka kona ile," akanionyesha kwa kile kilichobaki,
"pale wanapotua kwarara. Lilikuwa jiwe gumu, lenye kiburi.
Kalenda weka mezani."
Akarudi kwenye soli yake.

Usiku huo nililala nikiwa nimeuegemea ukuta.
Nilijaribu kulirudisha kila jiwe mahali pake,
safu kwa safu, kuanzia chini,
na kila nililorudisha, maji yalipanda kidogo,
chumba kikapungua,
mpaka ikabaki mimi na mama na jiko
tumekaa nyikani, juu ya mwamba mzima,
hakuna aliyewahi kupita.
Vyura wakanyamaza wote kwa mpigo.
Wakaanza tena.

Alhamisi lori lilipokuja
mama alipanga foleni kwa furaha ya ajabu,
akasukumana, akabishana kuhusu chenji.
Mtungi wake ulipojaa akachota kikombe kimoja,
akatembea nacho polepole mpaka ukingoni,
akakimimina bwawani.
"Mama! Hayo ni ya kununua!"
Hakugeuka.
"Na wewe ulihamia kwa mtu mikono mitupu?"

Duara likaenda, likagusa genge la pili.
Nyuma yetu pazia la mtu lilitikisika,
au ulikuwa upepo.
Duara likawa linarudi.
Tulisimama kulingoja.