Wanne kwa Wanne

Mheshimiwa Seneta Halvorsen,
ni mimi, Ludmila Hruska wa Barabara ya Kinu,
yule uliyekula pai yake ya cheri
kwenye ukumbi wa zimamoto, Februari, theluji magotini,
ukafuta mdomo ukasema: "Mama, hii inastahili kura."
Nilikukatia kipande cha pili.

Jaji alifariki wiki ile ile.
Kiti chake nimekiona kwenye televisheni,
kimefunikwa kitambaa cheusi,
nawe mbele ya vipaza sauti, tai nyekundu,
ukisema mwaka wa uchaguzi si mwaka wa kuthibitisha jaji,
wananchi waamue kwanza, Novemba si mbali.

Kwako si mbali.
Emil wangu aliuacha mkono wa kulia
ndani ya mtambo wa ghala la mahindi.
Kesi yake imepanda ngazi miaka sita,
ikipumzika kila kidato,
mpaka ikafika juu kabisa
ikakuta watu wanane.
Wanne kwa wanne.
Wakili alinieleza kwa simu, polepole, kama anayemsemesha mtoto:
wakifungana, hukumu ya chini inasimama.
Ya chini ilisema kampuni haina kosa.

Ngoja ngoja ya kwetu imeshamaliza matumbo,
imehamia kwenye paa.
Mwezi wa tano tuliuza trekta.

Huyo mama aliyeteuliwa, Jaji Pomeroy, simjui.
Huenda naye angeipa kampuni ushindi.
Basi na aipe.
Watano kwa wanne: nitalia,
lakini nitajua nimeshindwa na nani.

Ila sitakudanganya, barua hii naiandika Jumapili.
Miaka minane nyuma, rais akiwa wa kwetu,
mwaka wa uchaguzi vile vile,
ulisema kiti hakingoji kura, haki haina kalenda.
Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.
Na mwaka huu uliposema wangoje,
kabla ya ile simu ya wakili,
nilipiga tena.
Emil hakupiga.
Nilidhani ni kwa sababu ya mkono.

Oktoba utapita tena kuomba kura.
Pai itakuwepo, mezani, imepoa, kisu kando yake.
Utasubiri kidogo, Mheshimiwa.
Safari hii anayekata ni Emil,
na kushoto kwake
bado kunajifunza.