Kwa Sikio

Saa moja asubuhi, kabla ya kahawa,
navaa buti za Neftalí, zinanipwaya,
nashuka ngazi saba za mbao hadi uani
kwenye kipimamvua: bomba la bati, mdomo wa shaba,
limesimama wazi kama mtu aliyekatazwa kujikinga.

Hakuna anayenilipa. Miaka kumi na tisa iliyopita
watu wa ofisi walikuja kwa mtumbwi wa injini,
wakauliza nani anajua namba na hana safari.
Neftalí akainua mkono.
Wakamwachia bomba, gilasi yenye mistari,
daftari la miraba, na neno moja: kila siku.
Hata Krismasi?
Hata Krismasi.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakupata kufika kando ya mto Atrato.
Huku kibaba hufurika ukingali unatafuta kalamu.
Mvua hainyeshi huku, inaishi;
ina kiti chake mezani, inajua majina ya watoto.
Jirani akisema leo kumekucha vizuri
ana maana anauona mlango wa choo.

Siku moja tulimkuta chura ndani, amejikunyata.
Neftalí akaduwaa, penseli sikioni:
nimtoe kwanza, au nipime naye?
Akamtoa. Akaandika 112, kisha pembeni,
kwa herufi za siafu: chura mmoja, hakuhesabiwa.

Ndivyo alivyokuwa. Saba zake alizikata kiunoni
zisidhaniwe moja. Sufuri aliichora taratibu
kama sonara anayefunga pete,
kwa kuwa sufuri kwetu ni mgeni.
Mwaka ule mto ulipoonyesha mbavu
na mashua ya mchele ikakwama mchangani
aliandika sufuri kumi na moja mfululizo,
na watu wakapanda ngazi kuja kuzitazama.

Baada ya usiku wa tisa wa maombolezo
nikafungua daftari nimsomee Duván, kijana wa ofisini.
Hadi tarehe nne namba zilikuwa na nukta:
36.2, 8.7, 61.4.
Kuanzia tarehe tano nukta zimetoweka.
Arobaini. Hamsini. Ishirini. Arobaini tena.

Nikakaa chini.
Tarehe tano ndiyo siku miguu ilipomgomea.
Mimi nilikuwa na sufuria, shuka, wageni, dawa;
ukiniuliza kama kulinyesha, sijui.
Kumbe yeye alilala chali chini ya mabati
akipima kwa sikio.
Kila asubuhi aliniomba daftari na penseli,
nami nikidhani anaandika wosia.

Bomba lenyewe lilikuwa limefurika,
maji ya siku kumi na tatu yamechanganyikana,
na nani angeyatenganisha?

Duván akasema, kwa upole: Mama Eneida,
siku hizo tutaziacha wazi.
Nikamwambia, wazi ni kama hakukunyesha.
Akasema hapana, sufuri ndiyo hakukunyesha.
Wazi ni hatujui.
Nililitafuna neno hilo wiki nzima
nikimenya ndizi, nikikosea chumvi.
Mwishowe nikampa pengo lake. Hakukosea.
Lakini daftarini sikufuta kitu.
Nimeandika ubavuni, kutoka juu hadi chini,
kwa sikio, kwa sikio, kwa sikio,
mara kumi na tatu.

Sasa usiku inapoanza,
kwanza migombani, halafu paa la Ninfa, halafu letu,
nalala chali, upande wake siugusi,
nakisia.
Jana nilisema arobaini. Niliapa kabisa.

Saa moja. Ngazi saba. Buti zinapwaya.
Sabini na moja nukta tatu.
Mimi bado kiziwi.
Nikaandika, nikaikata saba kiunoni.