Saa Mbili, Aberdeen

Mfamasia kaandika nane juu ya kiboksi.
Nane yao, Shaweji; yetu mbili.
Wiki ya kwanza ulikimeza kidonge usiku wa manane,
umesimama jikoni na soksi moja,
ukiitii karatasi.

Sasa Disemba. Saa mbili asubuhi
na paa za mawe bado nyeusi,
ila presha yako imeshaamka,
imevaa viatu, inapanda ngazi.
Nani kaiambia kumekucha?

Unarudi kutoka tanurini, unga kwenye nyusi.
Asubuhi ya watu ndiyo magharibi yako.
Tumemuuliza daktari: tufuate saa ya nani?
Kasema, ile ambayo hutaisahau.

Basi kidonge nimekifunika kwa kikombe chako cha chai.
Ukikifunua,
ndiyo saa.