Safu ya Kumi na Moja

Fomu imekuja tena kutoka Idara ya Elimu:
safu kumi na nne, wasichana thelathini na mmoja,
darasa la saba B, skuli ya serikali, Ibra.
Hesabu zimeshuka kwa asilimia tisa.
Eleza sababu, wameandika,
wakaacha nafasi ya maneno saba.

Nimeiwasha mashine. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye ndoo iliyokuwa ya chaki.
Kazi ya baba: jeshini, jeshini, dereva wa tangi la maji,
jeshini, marehemu, jeshini, hana.
Kisomo cha mama: kasoma, hakusoma, kasoma,
anasoma sasa.
Hili la mwisho mashine hailitaki.
Ama mtu kasoma, ama hakusoma.

Safu ya sita, siku alizokosa.
Hapa nikasita.
Zuwena, Jumatano. Salha, Jumatano. Muzna,
Jumatano, Jumatano, Jumatano, kama uradi.
Mtu wa Maskati atadhani ni homa.
Sisi wa hapa tunajua Jumatano ni soko la wanawake,
mwanamume hatii mguu,
na mama mwenye mzigo wa vitambaa
anahitaji mikono miwili zaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua wanja.
Muzna, aliyepata kumi na moja kwa mia
katika sehemu na desimali,
alikuwa kakaa juu ya gunia la hina, anapima.
Dhiraa nne na nusu, kila moja baisa mia sita na hamsini,
toa mia na ishirini na tano, maana huyu jirani,
akarudisha riyali mbili na baisa mia mbili
kutoka noti ya tano
kabla yule mama hajaufungua mdomo kulalamika.
Aliponiona akajificha nyuma ya majora
kama aliyeiba.
Nilinunua wanja wangu. Sikupunguziwa.

Safu ya kumi na moja: lugha ya nyumbani.
Mashine inakubali tatu.
Kiarabu. Kiingereza. Nyingine.

Mimi, mwaka tuliotoka Unguja,
nilitiwa darasa moja na watoto wa miaka sita,
magoti yakigonga meza,
kwa kuwa sikuweza kuitaja pembetatu.
Pembetatu niliijua.
Jina lake ndilo halikunijua mimi.

Rayhana amekuja muhula wa pili, kutoka Tanga.
Karatasi yake nyeupe, jina tu, tena zuri, limepambwa.
Nikamwita wakati wa mapumziko, mkate wa chipsi mkononi,
nikamsomea swali lile lile kwa Kiswahili,
chini chini, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi:
bomba moja hujaza birika kwa saa tatu,
la pili kwa saa sita.
Yote mawili pamoja?
Akatafuna. Akatazama dirishani, upande wa falaji.
"Saa mbili," akasema.
Kisha, kwa wasiwasi: "Au hilo birika lina ufa, mwalimu?"

Alama yake ni sifuri.
Nimeiandika sifuri; karatasi ni karatasi,
na mimi nimebakiwa na miezi minne nistaafu.
Lakini kwenye safu ya kumi na moja
alikuwa kaandika mwenyewe, kwa kalamu ya kijani:
Bibi.

Lugha ya nyumbani: Bibi.
Nikaingiza. Mashine ikawa nyekundu.
Nikaingiza tena.
Nyekundu.

Kengele imeshalia. Abla wa sayansi, yule Mmisri,
ananitingishia funguo za gari mlangoni,
jua la saa nane linamsubiri na yeye.
Namwambia tangulia.

Sababu. Maneno saba.
Njooni Jumatano. Mje na riyali tano mkononi.
Nimehesabu kwa vidole, yametimia.
Kwa Kiarabu yakawa sita.
Nafasi ya neno moja imebaki wazi,
na kialama kinawaka, kinazima, kinawaka,
kinangoja niseme.