Mtoto wa Kati

Wa kwanza ana jina: kifungua mimba.
Wa mwisho ana jina: kitinda mimba.
Wa kati hana. Huitwa "wewe, hebu njoo,"
naye ndiye anayetumwa chumvi.

Ndivyo ilivyo na spika.
Vijana wa Hermosillo hunijia Ijumaa,
mshahara ungali na joto la benki,
wanataka besi itikise kibao cha namba,
wanataka twita ziwashe masikio kama pilipili.
Na ya kati?
"Weka yoyote, fundi."
Nami huweka yoyote. Tumbo halina hoja.

Ila Ofelia Tánori alikuja Jumanne,
Tsuru nyeupe ya mwaka tisini na nane,
kiti chote cha nyuma chapati za ngano
pana kama beseni, zimefunikwa taulo.
"Nasikia bum," akasema. "Nasikia tss.
Mtu simsikii. Anaongea kama katumbukia pipani."

Nikachuchumaa, nikachora kwa chaki sakafuni:
kuanzia hezi mia tatu hadi elfu tatu na ushei,
hapa ndipo anapoishi mwanadamu.
Chini yake ni vishindo vya miguu, juu yake ni mate.
Ugomvi, posa, bei ya nyanya,
vyote hupita mlango huu.

Nikashusha tatu kutoka rafuni.

Ya inchi sita na nusu, kifua kipana.
Lakini ikipanda, sauti yake hubana kama mwanga wa tochi:
goti la dereva linasikia kila neno,
dereva mwenyewe haambiwi kitu.

Ya kuba la hariri, inchi tatu. Tamu!
Ila chini ya mia sita haishuki,
ukiilazimisha inalia.

Ya Kijerumani, koni ya nyuzi zilizofumwa.
Bei yake sikuitamka, niliiandika.
Nikaikaza skrubu nne, nikajisifu,
naye akashusha dirisha,
kakara!
kioo juu ya sumaku, kijiko kwenye sufuria.
"Basi usishushe," nikasema.
"Mwezi wa Mei, fundi? Nyuzi arobaini na tano?"
Akanitazama kama ng'ombe amtazamavyo daktari.

Kuchagua spika huanza na rula.
Hilo nalifundisha watu miaka ishirini,
na siku ile rula ilikuwa mfukoni mwangu.

Chini ya benchi, ndani ya boksi la viatu,
ilikuwamo jozi ya karatasi, inchi nne,
niliyoichomoa kwenye gari lililobiringika barabara ya Nogales.
Kina chake, sentimita nne na nusu.
Wati thelathini, basi. Lakini haina makuu:
uipe kidogo, itasema mengi.

Hakutaka muziki. Akafungua redio,
kile kipindi cha adhuhuri cha ujumbe wa ranchini:
"Kwa Nabor Quijada, wa El Sauz.
Dawa ya ng'ombe imefika, iko kwa binamu yako..."

Ofelia akanishika mkono, grisi na yote.
"Ana meno ya bandia!"
Kweli. Kila s ilitoka na mluzi mwembamba,
birika la jirani linalokaribia kuchemka.
"Miaka kumi na moja namsikiliza.
Nilidhani ni kijana."

Ule mluzi naweza kuukata,
nakaza kitufe kimoja, umekwisha.
Nikanyosha kidole. Akakipiga.
"Mwache."

Alinilipa nusu pesa, nusu chapati,
akaondoka, vioo vyote vinne chini.
Magari ninayoyashughulikia husikika kabla ya kuonekana,
nati zake zikiomba msamaha.
Hili lilipinda kona, likatoweka,
na bado, kwa pumzi mbili tatu, nilimsikia yule mzee
akimsihi Nabor, kwa upole na mluzi,
asichelewe,
dawa ile inataka friji.